TSH imepanda? Acha kwanza huo mwani

"Daktari, nimeambiwa tezi yangu imelegea, kwa hiyo nimeanza kunywa mwani niongeze madini joto." Sentensi hii naisikia karibu kila kliniki, mtu akishapimwa TSH (homoni ya ubongoni inayoisukuma tezi ya thairoidi iliyo shingoni, na ambayo hupanda tezi ikilegea), na imenichosha. Mwingine hataki mwani, ameongeza chumvi kwenye mboga. Mwingine ameagiza vidonge vya iodini, yaani hayo madini joto, mtandaoni. Wote wanaamini jambo moja: tezi ya thairoidi ikizembea basi ina njaa ya madini joto, na dawa yake ni kuilisha. Imani hii inaumiza watu.

Ilikotoka naelewa. Wazee wa Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka goita, uvimbe wa tezi shingoni, ilivyojaa vijijini mwao. Miaka ya 1980 vidonge vya madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na miaka ya 1990 Tanzania ikataka chumvi yote ya kula iwekewe madini joto. Kenya ilikuwa imeshatangulia mwaka 1978. Kazi hiyo iliokoa watoto wengi na bado haijaisha, kwa sababu chumvi ya wazalishaji wadogo mara nyingine hufika sokoni ikiwa haina kitu. Hata Pemba, kisiwa cha wavuvi, watoto wa shule walikutwa na goita. Kwa hiyo sisemi upungufu haupo. Nasema hivi: wewe unayepikia chumvi ya pakiti yenye madini joto, upungufu sio shida yako. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku, mjamzito 250.

Mbona basi TSH imepanda? Kwa wengi wa aina yako ni kinga ya mwili inayoishambulia tezi, ugonjwa ambao daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912. Hapo malighafi ipo, kinu ndicho kinachoharibika. Na kuzidisha malighafi kunaleta balaa jingine. Mwaka 1948 watafiti Jan Wolff na Israel Chaikoff walionyesha kwamba iodini ikiingia kwa wingi, tezi husitisha kutengeneza homoni. Tezi yenye afya hujinasua baada ya siku chache. Tezi iliyokwisha kushambuliwa inaweza kushindwa kujinasua, ndiyo maana mtu huondoka kwangu na TSH ya 6, akaenda kujitibu kwa mwani, akarudi hali imekuwa mbaya zaidi. Kwenye pwani ya Hokkaido, Japani, watu walipata goita kwa kula mno mwani wa kombu, ambao gramu moja yake ikikauka inaweza kubeba maikrogramu zaidi ya 1,000 za iodini. Mwani wetu wa Zanzibar ni wa jamii nyingine na kwa kawaida hauna iodini nyingi kiasi hicho, lakini kiasi hubadilika, na hiyo chupa uliyonunua haijaandikwa chochote. Vidonge vya iodini ndivyo vibaya zaidi. Viache vyote, kisha upime tena baada ya miezi miwili au mitatu. Wapo ambao tezi yao hurudi sawa kwa hilo tu, bila dawa. Na chumvi usiiongeze hata punje, utaongeza presha bure.

Hiyo ya kupima tena inawahusu hata wasiogusa mwani. Kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha. TSH kati ya 4 na 10, huku T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, ikiwa ya kawaida, ni ulegevu mdogo, na kwa watu wengi ukirudia unakuta imeshuka yenyewe. Hupanda mtu anapopona maradhi mengine, na hubadilika kwa saa za siku. Rudia maabara ileile, asubuhi, pamoja na kipimo cha kingamwili za TPO, kinachoonyesha kama kinga inaishambulia tezi. Ukiwa unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili kabla, vinavuruga majibu. Na tafadhali niletee karatasi yenye namba. "Waliniambia iko juu kidogo" hainisaidii kitu.

"Basi nipe vidonge tu, nimechoka sana." Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza, Ireland, Uholanzi na Uswisi kwa watu 737 wa miaka 65 na zaidi wenye ulegevu mdogo. Nusu walipewa levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka, uchovu wao haukutofautiana. Kwa mzee wa miaka 80, TSH ya 6 inaweza kuwa ndiyo kawaida yake, na dawa ikizidi moyo huanza kwenda mbio ovyo na mifupa huisha nguvu. Uchovu wako tuutafute kwenye damu, sukari na usingizi. TSH ikipita 10 mazungumzo hubadilika, hapo mara nyingi tunatibu.

Unene? Hata tezi iliyolegea kabisa huongeza kilo chache, nyingi zikiwa maji na chumvi. Ulegevu mdogo hauelezi kilo 20.

Muhogo na kabichi, kula. Muhogo uliumiza watu kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, kwa sababu walikula mwingi usioandaliwa vizuri huku madini joto yakiwa haba.

Ulioandikiwa levothairoksini, meza kwa maji matupu ukiamka. Chai ya maziwa isubiri angalau nusu saa, na vidonge vya kuongeza damu au kalsiamu visubiri muda wa saa nne baada yake. Ukibadilishiwa dozi, TSH huchukua wiki sita hadi nane kutulia, usikimbilie maabara wiki inayofuata. Kujisikia nafuu ni kazi ya dawa, kwa hiyo usiiache bila kuniuliza.

Dada unayetafuta mtoto, mengi ya hapo juu hayakuhusu. Viwango vyako ni vingine, na TSH ambayo kwa mama yako ningeiacha, kwako naweza kuitibu. Miezi mitatu ya kwanza mtoto hutegemea homoni zako, kwa hiyo siku zikipita tu njoo upime, usingoje tumbo lionekane ndipo uanze kliniki.