Usimpe Mzee Laptopu Uliyoichoka

"Fundi, ni ya mzee tu, haihitaji nguvu." Kisha inatolewa mkobani laptopu ya 2012, bawaba imelegea, herufi mbili zimefutika kwenye kibodi, na mtu anataka isafishwe ifike Maseno Jumamosi. Sentensi hii nimeisikia Kisumu hii mara nyingi kupita kiasi, na hilo neno "tu" ndilo linaloniudhi.

Wewe ukibofya na kompyuta ikanyamaza sekunde ishirini, unajua diski inahangaika, unasubiri. Baba wa miaka 75 hajui. Anabofya tena. Anabofya tena. Diski ikizinduka, madirisha matano yanafunguka kwa mpigo, naye anaamini ameiharibu. Inafunikwa kitambaa cha mezani, na ukoo mzima unatangaziwa kwamba mzee hawezi kompyuta. Wepesi wa kutumia ambao mnamtafutia mzee unaanzia hapo: abonyeze, kitu kionekane papo hapo.

Kwa hiyo SSD, ile diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ni lazima. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8, kwa sababu GB 4 zinatosha mpaka brauza iwe na tabo sita ambazo hakuna aliyemfundisha kuzifunga. Jihadhari na vile vilaptopu vipya vya bei rahisi vyenye eMMC, hifadhi ya bei rahisi inayokaa mahali pa diski, ya GB 32 au 64: masasisho machache ya Windows na nafasi imekwisha, nayo eMMC imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuchomoa ukaweka nyingine. Bora mtumba wa ofisi kutoka Uingereza, inchi 14, kichakataji (ubongo wa kompyuta) cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi. Chini ya hapo Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kulazimisha Windows 11 zipo. Kwa mashine yako, fanya utakavyo; kwa ya mzee, usijaribu.

Betri ipime kabla ya kulipa: chomoa chaji, cheza video nusu saa. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 30, hesabu gharama ya betri mpya, maana stima ya kule kwa mzee unaijua. Chromebook, laptopu za mfumo wa Google, ni nzuri, ila mitumba mingi ilitoka shuleni ng'ambo na muda wake wa masasisho umekwisha. Mipangilio yake yenyewe huonyesha tarehe ya mwisho. Zilizotolewa kuanzia 2021 zina miaka 10.

Sasa skrini. Hapa ndipo kila mshauri huharibu. "Mnunulie kubwa." Ukubwa wa kioo si ukubwa wa herufi! Inchi 15.6 yenye pikseli 1920 kwa 1080, ikiachwa kwenye ukuzaji wa asilimia 100, ina herufi ndogo kuliko inchi 14 ya 1366 kwa 768. Kwenye ile ya 1920, pandisha "Scale" (ukuzaji wa kila kitu kwenye skrini) hadi 150 na mambo yametulia. Ukiipandisha kwenye 1366, hata 125 tu inaweza kuzamisha kitufe cha OK chini ya ukingo, na mzee atakaa mbele ya kisanduku asichoweza kukifunga. Hapo iache 100, ongeza maandishi peke yake kwa "Text size", kisha kuza kurasa ndani ya brauza.

Halafu miwani, ambayo hakuna anayeiuliza. Ofisini tunaambiwa tuinue skrini hadi usawa wa macho. Mwenye miwani ambayo kila kioo kina lenzi mbili, ya mbali juu na ya kusomea chini, husomea sehemu ya chini. Ukimwinulia laptopu juu ya vitabu, naye anainua kidevu, na baada ya robo saa shingo inalia. Iache chini mezani, laza skrini nyuma kidogo. Na miwani ya kusomea Biblia hupimiwa umbali wa sentimita 40 hivi, ilhali skrini hukaa karibu 60. Herufi zikififia, nenda kwa daktari wa macho kabla ya kuja kwangu.

Padi ya kugusa izime, nunua mausi ya waya. Isiyo na waya hupoteza kile kidude chake cha USB ndani ya mwezi. Punguza mwendo wa kishale. Kinachoangusha wengi ni kubofya mara mbili: mkono ukitetemeka, mausi husogea kitufe kikiwa bado kimebonyezwa, na faili inaburutwa badala ya kufunguka. Windows inaweza kuwekwa ifungue kwa mbofyo mmoja, lakini hapa msimamo wangu hubadilika kila mwaka. Mwalimu mstaafu aliyezoea miwili ataendelea na miwili, na vitu vitamfungukia mara mbili mbili.

Kabla hujaniambia "si umpe tableti": kioo cha tableti husoma umeme wa ngozi, na kidole kikavu cha uzeeni husomeka vibaya. Anabonyeza kwa nguvu, anakawia, na kukawia ni amri nyingine kabisa, ikoni imeshahama. Hata hivyo, nakiri kwamba kwa nyanya anayetaka kuona wajukuu tu, tableti yenye kalamu ya ncha ya mpira hushinda laptopu nyingi ninazozisifu. Na kumbuka, WhatsApp ya kompyuta hutegemea simu: simu ikilala kabatini zaidi ya siku 14, inajitoa yenyewe, nawe unapigiwa kwamba kompyuta imekufa.

Mambo ya haraka. Akaunti yake iwe ya kawaida, ya msimamizi ibaki yako. Intaneti ya hotspoti iandike kama "metered" (yaani ya kulipia kwa kipimo), la sivyo masasisho yatakula bando usiku mmoja. Zima arifa zote za tovuti kwenye brauza: vile vibandiko vya "kompyuta yako ina virusi 5" kwa kawaida ni tovuti fulani aliyoibofyia "Allow" akitafuta matangazo ya vifo.

Na ukija Krismasi, usipange upya ikoni zake. Anazijua kwa mahali zilipo, picha zake hazitazami.