Je, wajua? Kwa nini jeli ya sindano hukaa usoni miezi mingi, na mwili huivunja kila siku

Mtu akichomwa sindano ya kujaza makunyanzi au kunenepesha midomo, kinachoingia mara nyingi ni jeli angavu ya asidi ya hayaluroniki. Si kitu kigeni mwilini. Mtu wa kilo 70 anayo gramu 15 hivi, kwenye ngozi, maungio na macho. Na machoni ndiko ilikogunduliwa: mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliitoa ndani ya jicho la ng'ombe. Kazi yake kubwa ni kushika maji.

Lakini hapa pana fumbo. Kila siku mwili huvunja karibu theluthi ya asidi hiyo na kutengeneza nyingine. Sindano ingekuwa na asidi tupu, mdomo ungenywea kabla ya wiki kwisha. Mbona basi jeli hudumu miezi 6, hata 18?

Siri ni mafundo. Molekuli za asidi hii ni nyuzi ndefu mno. Uzi ukiwa peke yake, vimeng'enya vya mwili huukatakata upesi. Kwa hiyo kiwandani nyuzi hufungwa pamoja kwa kemikali, hasa ile iitwayo BDDE, zikawa mfano wa wavu wa mvuvi. Vimeng'enya huutafuna wavu huo polepole, uzi kwa uzi, nao muda wote umebeba maji na kuinua ngozi kutoka chini. Jeli ngumu huwekwa kidevuni na mashavuni. Midomo, inayochezacheza kila tunapoongea, hutaka laini. (Botox ni jambo jingine kabisa: yenyewe hulegeza misuli.)

Bomba moja la sindano hubeba mililita 1, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Ni kidogo, lakini tone lake likiingia kwenye mshipa wa damu huuziba. Ngozi hupauka, huuma, yaweza kufa; na mshipa ukiwa wa jicho, mtu hupofuka. Dawa ya kuiyeyusha jeli ipo, ni kimeng'enya kiitwacho hayaluronidasi, ila kila dakika ina thamani. Silikoni, ambayo wengine huchomwa vichochoroni, haiyeyuki kwa dawa hiyo. Kwa hiyo kabla hujaegemeza kichwa kitini, mwombe daktari akuonyeshe chupa ya hayaluronidasi humo humo chumbani. Kama hana, inuka uondoke.