Mtaala si lugha, na mitala ni habari nyingine kabisa

Wiki iliyopita nilipanda kifodi, hii daladala yetu ya Arusha, pale Kilombero kwenda Njiro. Dada mmoja kiti cha mbele alikuwa anamweleza mwenzake kwenye simu kwamba mwanawe wa darasa la tatu ameshamhamisha, amempeleka shule ya mtaala wa Kiingereza, maana huu mtaala wa Kiswahili haumfikishi mtu popote. Nikatazama dirishani. Nimestaafu ualimu, nimejifunza kunyamaza kwenye magari ya watu. Lakini jioni hiyohiyo, kwenye kundi la simu la wazazi (nimo kwa sababu ya mjukuu), mwenyekiti akatuma ujumbe: "Ndugu wazazi, Jumamosi saa 4 tutakuwa na kikao kujadili maboresho ya mitala." Hapo uvumilivu ukaniishia.

Kwanza maana yenyewe, tuimalize. Mtaala ni mpango mzima wa elimu ya ngazi fulani: mtoto akimaliza awe anajua na anaweza nini, ajifunze masomo yapi na kwa mpangilio upi, afundishwe kwa njia gani, kwa vifaa gani, apimwe vipi. Somo ni sehemu ndani ya mpango huo. Muhtasari ni maelezo ya somo moja kwa darasa moja baada ya jingine. Ratiba ni ile karatasi iliyobandikwa ukutani inayosema Hisabati iko kabla ya uji. Basi.

Sasa neno. Mwenyekiti wetu aliandika mitala, na mitala ni ukewenza. Mke wa mitala ni mke mwenye mwenzake. Kikao cha kujadili maboresho ya mitala kingejaza ukumbi, sikatai, ila si kikao cha shule ya msingi. Alikusudia mitaala, wingi wa mtaala, a mbili katikati. Kosa hili nimelikuta hata kwenye barua zenye mhuri, kwa hiyo silibebeshi kundi letu peke yake.

Ila hata mtaala wenyewe una kesi yake. Kamusi za zamani zina mtalaa, a mbili zikiwa mwishoni, kwa maana ya kusoma kwa makini. Asili yake ni Kiarabu, mutala'a, tendo la kukikodolea macho kitabu au jambo mpaka ulielewe. Katika neno hilo T inafuatwa na alifu, a ndefu, na kule mwishoni kuna ain, ile sauti ya kooni ambayo sisi wa bara hatuitamki. Kiswahili kina kawaida yake kwa sauti hizi mbili. A ndefu ya Kiarabu tunaifupisha tu: kitaab ikawa kitabu, hisaab ikawa hesabu. Ain tunaiacha, na mahali pake tunavuta irabu: ma'rifa ikawa maarifa, ba'da ikawa baada, ma'na ikawa maana. Ukifuata kawaida hiyo utapata mtalaa, sauti inapanda kwenye "la". Hutapata mtaala, sauti ikiwa imerudi nyuma kwenye a ya pili.

Imerudije nyuma? Nashuku ni kwa sababu ya jirani zake. Tulikuwa tayari na taaluma na mtaalamu, maneno ya ukoo wa elimu, maalumu na mwalimu. Kwenye ukoo huo ain iko mapema, ndiyo maana "taa" inasikika mwanzoni. Mtu akisikia mtalaa, neno la shuleni, sikio linalivuta likae pamoja na taaluma. Likakaa. Leo wizara, Taasisi ya Elimu Tanzania na magazeti yote wanaandika mtaala, na mimi naandika mtaala, kwa sababu lugha ni ya wanaoisema. Lakini ukimwona mzee au mwandishi wa Kenya ameandika mtalaa, usimsahihishe. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani, sisi ndio tuliohama.

Na kwa kuwa si wa ukoo wa taaluma, ni wa ukoo gani? Hapa ndipo ninapopapenda. Neno tala'a lililozaa mtalaa ndilo lililotupa talii. Kutalii kwa Kiswahili cha zamani kulikuwa kuchunguza, kupekua, kusoma jambo kwa kulitazama vizuri. Baadaye likaenda kwa yule anayezunguka nchi za watu akitazama, na ndipo tukawa na mtalii na utalii. Kwa hiyo yule mzungu anayeshuka kwenye gari la safari pale Mnara wa Saa na kofia yake ya majani, na ile karatasi ya Taasisi ya Elimu iliyo kwenye kabati la mwalimu mkuu, ni ndugu wa tumbo moja. Babu yao mkubwa kwa Kiarabu ni kuchomoza, kupanda juu, kama jua. Wavuvi wa pwani wana matlai, upepo wa kutoka mashariki, jua linakochomozea. Naye ni wa ukoo huohuo. Arusha nzima inakula kwa utalii na inalipa ada kwa ajili ya mtaala, na hakuna anayejua kwamba anatoa pesa mfuko wa kulia anaweka wa kushoto.

Wazungu nao wasituringie. Kurikulamu, jina lao la mtaala, ni Kilatini, maana yake mbio, au njia ya kukimbilia magari ya farasi. Watu wa Moshi wanaojaa barabarani kila mwaka kwa ajili ya Kilimanjaro Marathoni wangeielewa haraka kuliko sisi. Silabasi ndiyo kichekesho zaidi. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwenye barua neno la Kigiriki lenye maana ya kijikaratasi cha jina kinachobandikwa kwenye kitabu. Wachapaji wa karne ya 15 wakalisoma vibaya, wakapiga chapa neno ambalo halikuwepo, na ulimwengu wote ukalifuata. Silabasi ni kosa la uchapaji lenye umri wa zaidi ya miaka 500. Sasa mtu akiniambia tumeharibu mtalaa, namjibu taratibu.

Sisi badala ya silabasi tuna muhtasari, nao ni wa Kiarabu, maana yake kilichofupishwa. Neno zuri, ila limepewa kazi mbili. Kuna muhtasari wa kikao, anaouandika katibu, na kuna muhtasari wa somo, anaoushika mwalimu. Nimewahi kumwona mzazi akiomba muhtasari wa Hisabati, akapewa kitabu kinene, akakirudisha: "Mwalimu, mimi niliomba kwa kifupi." Hakuwa na kosa.

Turudi kwa dada wa kifodi, maana kosa lake ndilo linalogharimu watu pesa.

Mtaala wa Kiingereza, kwa maana aliyoikusudia, haupo. Shule nyingi za msingi za binafsi kuanzia Sakina, Njiro, Usa River hadi Moshi mjini, zile tunazoziita Ingilishi midiamu, zinafuata mtaala uleule wa Taasisi ya Elimu unaofuatwa na shule ya serikali iliyo nyuma ya uzio wao. Kilichobadilika ni lugha ya kufundishia. Sayansi ni ileile, mmea unahitaji maji na mwanga kwa lugha zote mbili. Kiswahili kinabaki kuwa somo. Mtihani wa taifa wa darasa la nne na wa kumaliza elimu ya msingi unatoka Baraza la Mitihani, kwa wote. Wa huku anausoma kwa Kiingereza, wa kule kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa yule dada amehama shule, amehama lugha, amehama gari la asubuhi, lakini mtaala ameukuta palepale unamsubiri mlangoni.

Hata hoja kwamba Kiingereza ni cha shule za binafsi imepungua nguvu. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na ndani yake Kiingereza kinaanza darasa la kwanza kama somo katika shule zote. Darasa la tatu kwenda juu kuna Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Sanaa na Michezo, Dini, na Historia ya Tanzania na Maadili, na shule yenye walimu inaweza kuongeza Kifaransa, Kiarabu au Kichina. Mimi niliacha kazi kukiwa bado na Uraia na Maadili. Kabla yake nimefundisha Stadi za Kazi na Haiba na Michezo, na nilipokuwa mwanafunzi tulisoma Siasa. Masomo huja na kuondoka. Ukiyahesabu masomo ukadhani umeuona mtaala, umehesabu vyumba ukadhani umeiona ramani ya nyumba. Badiliko kubwa la safari hii haliko kwenye orodha ya masomo hata kidogo: ni elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Hilo ni jambo la mtaala. Jina la somo kubadilika ni rangi ya mlango.

Sasa kuna shule ambazo kweli zina mtaala mwingine, na hapo ndipo neno linapofanya kazi yake halali. Moshi kuna shule iliyoanza mwaka 1969 kama shule ya kimataifa, na tangu 2019 inaitwa UWC East Africa, ina kampasi Moshi na Arusha. Watoto wadogo pale wanafuata programu ya msingi ya Baccalaureate ya Kimataifa, shirika lililoanzia Geneva mwaka 1968. Humo somo si nguzo kuu. Mwaka unapangwa kwa dhamira sita, kama vile sisi ni nani, dunia inavyofanya kazi, kuishi pamoja kwenye sayari moja, na Hisabati na lugha zinaingia ndani ya dhamira hizo. Mzazi akiuliza "mna masomo mangapi?" pale, ameuliza swali la mtaala mwingine.

Halafu kuna hili la "mtaala wa Cambridge au wa Uingereza, ni mmoja tu". Si mmoja. Mtaala wa taifa wa England uliletwa na sheria ya mwaka 1988, una Kiingereza, Hisabati na Sayansi kama masomo ya msingi, kisha Historia, Jiografia, Sanaa, Muziki, Kompyuta, Ubunifu na Teknolojia, Michezo, na lugha ya kigeni mtoto akifika miaka saba hivi. Ni kwa ajili ya shule za umma za kwao. Shule ya kulipia ya hukohuko hailazimiki kuufuata, ingawa nyingi huchukua sehemu kubwa. Ule wa Cambridge ni wa idara ya chuo kikuu, umetengenezwa kwa ajili ya shule za dunia nzima, na hauna serikali nyuma yake. Shule ya Arusha inaweza kuwa na mmoja, au mwingine, au ikaokota huku na huku na kuandika "British" kwenye bango. Bango ni rangi tu, ulizia karatasi.

Na kuogelea? Na piano, na sataranji, na kompyuta za Jumamosi? Nimewahi kukaa kwenye kikao cha shule moja, mkurugenzi akatuambia mtaala wao una kuogelea, na ada ikapanda. Kuogelea ni shughuli ya ziada mpaka siku itakapowekewa malengo, vipindi na upimaji. Bwawa lenyewe lilikuwa halijachimbwa, lakini hilo tuliache.

Kwa hiyo, dada yangu wa kiti cha mbele, kama unasoma hapa: hujakosea kumtafutia mtoto Kiingereza. Nami wangu niliwapeleka. Ila siku nyingine ukifika getini uliza maswali mawili, maana ni mawili: mnafuata mtaala upi, na mnafundisha kwa lugha gani? Jibu la pili utalisikia hata kabla hujaketi. La kwanza waombe wakuoneshe.

Mwenyekiti naye nilimwandikia pembeni, si kwenye kundi, maana ni mtu mzima na ana heshima zake. Nikamwambia: "Kiongozi, habari za jioni. Ni mitaala, a mbili."

Akajibu baada ya dakika kumi. "Shikamoo mwalimu. Ahsante sana, nitarekebisha. Mke wangu alikuwa ameshauliza hicho kikao kinahusu nini hasa."