Kwa nini mstari wa suruali ya sufu unapotea ukinyeshewa

Mtu ananunua suti ya sufu pale soko la Owino, Kampala, anaipiga pasi vizuri, mstari wa suruali unasimama, halafu akiwa kwa boda mvua inamkuta na akifika kazini mstari umeisha, basi anasema ameuziwa feki. Hapana jamani, mara nyingi sufu halisi ndio inafanya hivyo.

Sufu ni protini inaitwa keratini, ni ileile ya nywele zako na kucha. Ndani yake kuna minyororo mirefu ya molekuli na imeshikana kwa namna mbili hasa. Kuna vifungo vya haidrojeni, hivi ni vingi lakini dhaifu, maji yakiingia vinaachia, na sufu inapenda maji sana, inaweza kunyonya unyevu karibu asilimia 30 ya uzito wake. Halafu kuna vifungo vya salfa, hivi ndio vigumu, maji ya baridi hayavifanyi kitu.

Sasa pasi yako ya nyumbani na kitambaa kibichi, kwa sehemu kubwa inagusa vile dhaifu tu. Mvuke unavifungua, nguo inakubali mkunjo, ikikauka na kupoa vinajifunga upya hapo ulipoiweka. Mvua ikija vinafunguka tena, vya salfa vinairudisha sufu kwa umbo lake la zamani. Ndio maana nasema usiinue suruali ikiwa bado moto, iache ipoe palepale kwa meza, watu wengi wanakosea hapo.

Mkunjo wa kudumu unataka salfa yenyewe ifunguke na ifungwe upya, na hiyo inataka joto na unyevu wa muda mrefu ama dawa. Mwaka 1957 wataalamu wa CSIRO, shirika la serikali la utafiti wa sayansi kule Australia, walitoa njia ya Si-Ro-Set: nguo inapuliziwa dawa ya kufungua salfa halafu inabanwa kwa mvuke, mstari unabaki hata ukilowa. Akina dada wa saluni wanaijua hii biashara, maana dawa ya kunyoosha nywele nayo inashambulia salfa hiyohiyo, ndio maana nywele zilizowekwa dawa zikiloweshwa hazirudi kipilipili, mpaka mpya ziote.

Na tafadhali, usiloweke sufu kwenye Jik. Klorini ya aina hiyo inakula keratini, ukizidisha nguo inayeyuka kabisa, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.