Kwenye komedi ya marafiki wanaopendana, kinachowazuia ni urafiki wenyewe

Kazi yangu ni kusoma skripti za watu na kuwasaidia kuzirekebisha, na aina ninayoipenda kuliko zote ni ile ya washkaji wawili, mwanaume na mwanamke, ambao mtaa mzima unaona wanapendana isipokuwa wao. Ni story tunazoziishi kabisa. Nani hana mtu anampigia simu saa sita usiku kumhadithia kibuti alichopigwa na mtu mwingine, halafu asubuhi anajiuliza hivi mbona huyu ndo wa kwanza kumkumbuka?

Sasa skripti nyingi za hivi zinakwama sehemu ileile. Mwandishi anaona hawa wawili wanaelewana mno, hakuna kitu cha kuwazuia, basi anaanza kuleta vizuizi kutoka nje, mchumba mwenye roho mbaya, mama mkwe mkali, meseji iliyosomwa na mtu asiyehusika. Ukimtoa huyo mchumba tu story imekwisha. Na urafiki wenyewe hauonekani, unatajwa tu mwanzoni kwamba "sisi ni marafiki tangu chuo" halafu basi, tunaambiwa tuamini.

Mimi huwa nawarudisha watu kwenye When Harry Met Sally..., ya 1989, dairekta Rob Reiner, skripti ya Nora Ephron. Ina umri mkubwa, najua, ila bado sijaona inayofundisha kazi hii vizuri kuliko yenyewe. Angalia kilichokosekana mle ndani: hakuna adui, hakuna wazazi wanaokataa, hakuna shida ya hela, hakuna ugonjwa. Kuna watu wawili New York, Harry na Sally, wanaongea, wanatembea, wanakula, wanaongea tena, na kitu pekee kinachoweza kuharibika ni hayo maongezi.

Wanaanza 1977, wamemaliza chuo Chicago, wanachangia gari moja hadi New York, safari ya saa 18 wakipokezana usukani, na hawapendani hata kidogo. Harry anamwambia waziwazi kwamba mwanaume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki kwa sababu suala la kulala pamoja lazima liingilie. Wanaachana pale. Miaka mitano baadaye wanakutana uwanja wa ndege, bado wanachukizana. Inapita mitano mingine, duka la vitabu, na hapo Harry anaachwa na mke wake na Sally kaachana na mpenzi wake Joe, ndipo urafiki unapoanza. Yaani urafiki umezaliwa kwenye maumivu, kila mmoja anamuuguza mwenzake, na ndo maana una thamani kiasi kwamba ukiupoteza unaumia kweli. Reiner mwenyewe alikuwa kapitia talaka miaka ya themanini mwanzoni, unyonge wa Harry ulitoka kwake, na ile tabia ya Sally ya kuagiza chakula kwa masharti mengi ilitoka kwa Ephron. Unasikia kabisa kwamba hawa hawakutungwa hewani.

Halafu inakuja sini ambayo naomba kila mwandishi aiangalie kwa makini. Joe anaoa mtu mwingine, Sally anampigia Harry huku analia, Harry anakwenda, anambembeleza, wanalala pamoja. Kwa muvi nyingine hapo ndo mwisho, muziki, majina ya waigizaji. Hii bado inaendelea muda mrefu tu. Sally kitandani anatabasamu, Harry yuko macho makavu kama mtu aliyesikia kengele ya hatari, asubuhi anavaa nguo haraka haraka na kuondoka. Kile ambacho watazamaji walikuwa wanakisubiri kimetokea na kimeleta balaa, wanashindwa hata kuongea kama zamani, mpaka kwenye harusi ya marafiki zao Jess na Marie wanagombana na Sally anampiga kofi. Umeona lakini? Hakuna mtu mbaya. Wote wawili wanaogopa kitu cha maana.

Na yale maneno ya mwisho, usiku wa mwaka mpya, yanafanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Harry hamsifii urembo. Anamtajia vitu, kwamba anasikia baridi hata nje kukiwa na joto la nyuzi 22 hivi, kwamba anatumia saa nzima na nusu kuagiza sandwichi, na mambo mengine ya hivyo, madogo madogo. Hakuna mtongozaji yeyote mpya anayeweza kuyasema hayo maana hayajui. Kayajua akiwa rafiki, bila kuwa na lengo lolote, na sisi tuliiona ile sini ya kuagiza chakula tangu 1977 kwahiyo yakitajwa tunayatambua. Hapo ndo urafiki na mapenzi vinakuwa kitu kimoja bila mtu kuhubiri.

Eti mwanzoni Reiner na Ephron walipanga Harry na Sally wasiishie pamoja kabisa, Reiner akabadili mawazo baada ya kukutana na Michele Singer wakati muvi inatengenezwa, wakaoana 1989 hiyohiyo. Nadhani miisho yote miwili ingesimama, na hicho ndo kipimo cha skripti nzuri ya aina hii: mwisho wa kinyume chake nao ungeaminika.

Kama unataka kuona huo mwisho mwingine, kuna My Best Friend's Wedding ya 1997, Julia Roberts ndo steringi, yeye ndo Julianne. Julianne na rafiki yake Michael walishakubaliana wakifika miaka 28 hawajaoa wala kuolewa basi waoane wao, sasa Michael anampigia simu kumwambia anaoa mtu mwingine, na ghafla Julianne anagundua anampenda. Au ana wivu? Muvi inambana na hilo swali muda wote. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni bi harusi, Kimmy, ni binti mzuri wa tabia, anampenda Michael kweli, kwahiyo kila hila ya Julianne inatuuma badala ya kutufurahisha. Hampati. Walirekodi mwisho ambao anakutana na mwanaume mpya pale harusini, watazamaji wa majaribio hawakuupenda, wakarudi kurekodi upya, akaja George rafiki yake, wakacheza muziki. Urafiki ndo uliokuja kumbeba.

Basi ukiwa unaandika ya kwako, kabla hujagusa sini ya busu, andika kwanza ya asubuhi yake. Nani kaamka wa kwanza, nani anatafuta viatu, chai imenywewa au imepoa mezani, na ile simu ya kila siku ya saa nne, leo nani anaipiga. Ukiona huna la kuandika hapo, rudi nyuma ukaujenge urafiki, kwa sababu bado hawana cha kupoteza.