Zege la zamani si kifusi cha kufukia mashimo tu

Wengi huamini kwamba nyumba ikibomolewa, zege lake limekwisha kazi, labda kufukia mashimo. Imani hiyo inaeleweka: kifusi tunachokiona huwa kimechanganyika na plasta, mbao na vigae.

Lakini zege safi likipondwa na kuchekechwa hutoa kokoto nzuri ya tabaka la chini la barabara, hata ya zege jipya, ingawa hunywa maji zaidi kwa sababu ya saruji kuukuu iliyoigandia. Muhimu ni kulikagua jengo likiwa bado limesimama. Wataalamu hutoboa sampuli na kuzipima nguvu maabara. Hunyunyizia pia dawa ya fenofthalini kwenye zege lililovunjwa muda huohuo: likigeuka waridi, bado linalinda nondo, lisipobadilika rangi, hewa ya ukaa imeshapenya. Hilo huhatarisha nondo, ila halizuii zege kupondwa. Pwani nasisitiza kipimo cha chumvi, hasa kokoto ikitarajiwa kukutana tena na nondo.

Wewe mwenyewe tafuta madoa ya kutu na nyufa zinazofuata nondo. Gonga kwa nyundo: mlio wa uwazi huashiria zege lililoachana ndani. Paa la asbesto usiliguse. Liondolewe na wenye ujuzi kabla ya ubomoaji.