Wauzaji Wawili, Chanzo Kimoja

Kwa miaka kadhaa sasa nasimamia manunuzi katika kiwanda kidogo cha sabuni ya mwani hapa Unguja, na kosa lililonifunza kuliko mengine yote lilikuwa la kuhesabu majina ya wauzaji badala ya kuhesabu vyanzo vya mali. Kostiki soda, ambayo bila yake mafuta ya nazi hayageuki sabuni, tulikuwa tukiinunua kwa wafanyabiashara wawili wa mjini, nami nikiamini kwamba mmoja akikosa, mwengine atakuwa nayo. Ikafika wiki ambayo wote wawili hawakuwa nayo. Ndipo nilipouliza swali nililopaswa kuliuliza tangu mwanzo: wao wananunua wapi? Wote walikuwa wakichukua mzigo katika ghala moja la Dar es Salaam, na kontena la ghala hilo lilikuwa bado halijashushwa melini. Tulisimamisha kazi siku 11.

Sisi wa Unguja tulikwishaliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa kiasi cha miezi mitatu, kwa hitilafu iliyotokea kwenye njia moja tu ya waya uliopita chini ya bahari kutoka Bara hadi Fumba. Mwenye hoteli, mwenye kiwanda na mwenye mashine ya barafu hawakufanana kwa lolote, ila wote walitegemea waya ule ule.

Viwanda vikubwa vya ng'ambo navyo vimelipia somo hilo. Tarehe 17 Machi 2000 radi ilisababisha moto katika kiwanda cha Philips huko Albuquerque, Marekani, kilichotengeneza vipuri vya simu. Moto ulizimwa kwa takriban dakika 10, lakini moshi na maji viliharibu vyumba ambavyo havitakiwi kuingia hata vumbi. Kampuni mbili za simu, Nokia na Ericsson, zilinunua vipuri hapo. Nokia walifuatilia hali kila siku na wakatafuta vipuri kwengine mapema. Ericsson hawakuwa na chanzo chengine cha baadhi ya vipuri hivyo, na wakapoteza mauzo ya kiasi cha dola milioni 400. Kwa hivyo swali langu la kwanza kwa kila muuzaji sasa halihusu bei. Namuuliza mali yake inatoka wapi, inapita bandari gani, na nani mwengine anaichukua hapo hapo.

Kupima utendaji ni kazi nyengine, na hapa watu wengi hudanganywa na hesabu zao wenyewe. Tuseme muuzaji ameleta mizigo 20: miwili imechelewa, miwili mengine imepungua uzito, na miwili mengine tumeikataa kwa ubora. Ukipima kila jambo peke yake, utamwandikia asilimia 90 mara tatu na kumsifu, ilhali mizigo iliyofika kwa wakati, kamili na safi ni 14 tu, yaani asilimia 70. Mimi huandika hiyo ya mwisho. Vilevile naogopa kuyumba kuliko kuchelewa: anayeleta kila mara baada ya siku 14 napanga naye bila wasiwasi, lakini anayeleta leo kwa siku tano na safari ijayo kwa siku 20 hunilazimisha kuweka akiba ya siku 20 ghalani wakati wote, na fedha zilizolala humo ni zetu.

Katika mwani ndipo nilipojifunza kwamba kipimo kinaweza kumwelekea mnunuzi mwenyewe. Kilo 100 za mwani wenye unyevu wa asilimia 35 zina kilo 65 za mwani mkavu. Unyevu ukifika asilimia 45 zinabaki 55, na kilo 10 tumenunua maji. Msimu mmoja unyevu ulizidi mfululizo, nikaenda pwani nikiwa tayari kuwakatia bei kinamama wanaotuuzia. Mmoja wao, mtu mzima wa kuniita mwanangu, alinionesha tarehe katika daftari lake. "Mwanangu, malipo ya mara ile mmetuletea baada ya siku 40, na watoto wanataka nguo za skuli. Tungeusubiri ukauke tukila nini?" Alisema kweli. Waliuza ungali na maji kwa sababu afisi yetu iliwachelewesha. Tulipoanza kulipa ndani ya siku saba, unyevu ulishuka bila ya mtu kukatwa senti, na tangu hapo siku za malipo yetu zimo katika karatasi ile ile ninayowapimia wao.

Liliobaki ni bahari yenyewe. Maji yanapozidi joto, mwani huugua na kufa, hasa ule wa aina ya kotonii, na vikundi viwili vya ufukwe mmoja hupoteza mazao kwa wakati mmoja. Kwangu mimi hivyo ni kikundi kimoja. Kwa hivyo sehemu ya mwani wetu sasa inatoka Pemba. Nauli ya boti inaongeza gharama ya kila gunia, na kila mwaka mhasibu huniuliza kama bado tunaihitaji. Kila mwaka namfungulia ukurasa wa zile siku 11.